Werner Forssmann: Tabibu aliyejipenyeza mpira hadi moyoni mbele ya eksirei

MADAKTARI wa moyo kote duniani hupenyeza kila siku mipira myembamba, iitwayo katheta, ndani ya mishipa ya damu ya wagonjwa wao, wakaielekeza hadi moyoni kwa kufuata kivuli chake kwenye skrini ya eksirei. Kwa njia hiyo huzibua mishipa iliyoziba, hutengeneza mapigo ya moyo yaliyopotoka na huziba matundu ambayo watoto wengine huzaliwa nayo, bila ya kupasua kifua. Mtu aliyethibitisha kwamba njia hiyo inapitika alikuwa kijana Mjerumani wa umri wa miaka 25 hivi, ambaye mwaka wa 1929 alikosa kibali cha kuijaribu kwa wagonjwa, akaijaribu kwa mwili wake mwenyewe.

Kijana huyo alikuwa Werner Forssmann. Maisha yake yana ushujaa, yana kupuuzwa, yana doa kubwa la kisiasa, na hatimaye yana heshima iliyochelewa kufika. Aidha, yanabeba funzo kuhusu miale ile ile iliyomwonyesha njia ya moyoni, ambayo inaweza kumdhuru daktari na mgonjwa iwapo haitatumiwa kwa uangalifu.

Forssmann alizaliwa jijini Berlin mnamo Agosti 29, 1904, akiwa mtoto wa pekee. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, aliuawa mwaka wa 1916 akipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto huyo akabaki mikononi mwa mama yake na nyanya yake, waliohakikisha kuwa anaendelea na masomo licha ya dhiki zilizoikumba Ujerumani baada ya kushindwa vitani. Mwaka wa 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Berlin kusomea udaktari.

Alipokuwa akisoma, alivutiwa na mchoro mmoja wa kale. Ulionyesha majaribio ya wanasayansi wawili Wafaransa, Auguste Chauveau na Etienne-Jules Marey, ambao mwaka wa 1861 walipitisha mrija katika mshipa wa shingo ya farasi hadi ndani ya moyo ili kupima nguvu ya msukumo wa damu. Farasi yule hakufa. Forssmann alijiuliza ni kwa nini jambo lililowezekana kwa mnyama lisiwezekane kwa binadamu.

Swali hilo halikuwa la mzaha. Wakati huo, mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa unasimama alidungwa dawa kwa sindano ndefu iliyotobolewa kifuani moja kwa moja hadi moyoni. Sindano hiyo iliweza kukata mishipa ya moyo au kutoboa pafu, na mgonjwa akafa kwa tiba badala ya ugonjwa. Forssmann aliamini kuwa dawa ingeweza kufikishwa moyoni kwa usalama kupitia mshipa wa mkono. Hata hivyo, madaktari wengi wa enzi hizo waliuona moyo kuwa kiungo kisichopaswa kuguswa. Waliamini kuwa ukiguswa na kitu chochote kigeni ungesimama mara moja.

Baada ya kuhitimu, Forssmann alipata kazi katika hospitali ndogo ya mji wa Eberswalde, karibu na Berlin. Alimweleza wazo lake mkuu wa kitengo cha upasuaji, Richard Schneider. Mkubwa huyo alimsikiliza, lakini akakataa katakata kumruhusu kulijaribu kwa mgonjwa, na akamkataza pia kujijaribu mwenyewe.

Forssmann hakutii. Kikwazo chake kilikuwa vifaa, kwani vile vilivyosafishwa kwa ajili ya upasuaji vilikuwa chini ya ulinzi wa muuguzi Gerda Ditzen. Kwa siku kadhaa alizungumza na muuguzi huyo kuhusu wazo lake hadi mama huyo akavutiwa, akakubali si kutoa vifaa tu bali pia kuutoa mwili wake ufanyiwe jaribio hilo.

Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyaandika Forssmann miaka mingi baadaye, alimlaza Ditzen kwenye kitanda cha upasuaji na kumfunga mikono na miguu, akijifanya kumtayarisha. Kumbe alikuwa ameuchoma ganzi mkono wake mwenyewe wa kushoto. Alipasua ngozi mbele ya kiwiko, akaufikia mshipa na kuanza kupenyeza mpira mwembamba ambao kwa kawaida ulitumiwa kupitishwa katika njia ya mkojo. Muuguzi alipotambua kuwa amehadaiwa, mpira ulikuwa tayari umezama mkononi mwa daktari. Leo hakuna hospitali ambayo ingekubali utafiti ufanywe kwa hila kama hiyo, wala haistahili kusifiwa.

Alimfungua Ditzen, nao wakateremka pamoja hadi chumba cha eksirei, mpira ukiwa ungali ndani ya mshipa wake. Hapo ndipo miale ya eksirei ilipokuwa na kazi. Bila ya miale hiyo, Forssmann asingejua kama ncha ya mpira imefika moyoni, imekwama begani au imepotea kuelekea shingoni. Alisimama nyuma ya kioo kinachong'aa kinapopigwa na miale, muuguzi akashika kioo cha kujitazamia mbele yake, naye akatazama taswira ya kifua chake mwenyewe huku akiusukuma mpira mbele. Mwenzake mmoja aliyefika akiwa amepigwa na butwaa alitaka kuuchomoa, lakini Forssmann akamzuia. Mpira ulipozama kwa sentimita 65, ncha yake ilionekana ndani ya chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo. Aliagiza picha ipigwe iwe ushahidi.

Picha hiyo ndiyo iliyotofautisha kazi yake na ya waliomtangulia. Makala yake ilipochapishwa mnamo Novemba 1929 katika jarida la kitabibu la Klinische Wochenschrift, daktari mwingine wa Berlin, Ernst Unger, alilalamika kuwa yeye na wenzake walikuwa wamepitisha mipira ndani ya mishipa ya watu tangu mwaka wa 1912. Lakini hawakuwa na picha ya eksirei ya kuthibitisha kuwa walifika moyoni.

Ili kuelewa hatari aliyoikabili Forssmann, ni vyema kukumbuka hali ya eksirei wakati huo. Miale hiyo iligunduliwa na Mjerumani mwenzake, Wilhelm Röntgen, mwaka wa 1895, na ikapokewa kwa shangwe kubwa. Haukupita muda mrefu kabla ya madhara kujitokeza. Nchini Marekani, Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison katika majaribio ya eksirei, alipata majeraha yasiyopona mikononi, akakatwa viungo na hatimaye akafariki mwaka wa 1904, mwaka ule ule aliozaliwa Forssmann. Edison aliogopa, akaachana na utafiti huo.

Mwaka wa 1928, wataalamu waliokutana Stockholm, Uswidi, waliunda kamati ya kimataifa ya kuweka kanuni za kinga dhidi ya miale hiyo. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi. Mnamo 1936, mnara wa ukumbusho ulizinduliwa mjini Hamburg ukiwa na majina 169 ya madaktari, wanasayansi na wahudumu kutoka mataifa mbalimbali waliopoteza maisha kutokana na kazi ya eksirei na radi. Majina mengine mengi yaliongezwa baadaye.

Katika enzi hizo daktari alikaa gizani hadi macho yake yazoee, kisha akatazama kioo kilichotoa mwanga hafifu mno. Kadiri taswira ilivyokuwa hafifu, ndivyo alivyoendelea kuiwasha mitambo kwa muda mrefu. Forssmann hakuishia kwenye jaribio moja. Alijipenyeza mpira moyoni mara tisa kwa jumla. Alitaka pia kuonyesha vyumba vya moyo kwa kumimina ndani yake dawa inayoonekana kwenye eksirei. Alianza kwa wanyama, wakiwemo mbwa, kisha akajijaribu mwenyewe, na mwaka wa 1931 akachapisha matokeo. Mitambo ya wakati huo ilikuwa dhaifu, na picha za moyo wake hazikutoka vizuri.

Badala ya pongezi, Forssmann alipata kejeli. Alikuwa amehamia hospitali mashuhuri ya Charité jijini Berlin, iliyoongozwa upande wa upasuaji na Ferdinand Sauerbruch, mmoja wa wapasuaji waliosifika zaidi barani Ulaya. Inasimuliwa kuwa bingwa huyo alimwambia kazi ya aina hiyo inafaa sarakasi wala si hospitali ya heshima. Alifukuzwa, akarejea Eberswalde, akachukuliwa tena na Sauerbruch kwa muda mfupi, kisha akaondoka moja kwa moja. Akiwa mjini Mainz alikutana na daktari Elsbet Engel, wakafunga ndoa mwaka wa 1933 na kujaliwa watoto sita. Aliyapa kisogo masuala ya moyo na kugeukia magonjwa ya njia ya mkojo.

Kuna ukurasa mwingine wa maisha yake ambao hauwezi kufichwa. Mwaka wa 1932 alijiunga na chama cha Nazi, akabaki mwanachama hadi utawala wa Adolf Hitler ulipoporomoka mwaka wa 1945. Katika Vita vya Pili vya Dunia alihudumu kama daktari wa jeshi, akafikia cheo cha meja, kisha akatekwa na kuwa mfungwa wa kivita mikononi mwa Wamarekani. Alipoachiliwa alizuiwa kwa muda kufanya kazi ya udaktari. Aliishi na familia yake katika eneo la Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani, akipasua magogo na baadaye akimsaidia mkewe kuhudumia wagonjwa wa vijijini. Mnamo 1950 aliajiriwa kuwa daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo katika mji mdogo wa Bad Kreuznach.

Wakati Forssmann akiwa vitani, mbegu aliyoipanda ilikuwa ikichipuka ng'ambo ya bahari. Katika hospitali ya Bellevue jijini New York, André Cournand, aliyezaliwa Ufaransa, na Dickinson Richards walisoma makala yake ya 1929 na kuifanyia kazi kwa utaratibu kuanzia miaka ya mwanzo ya 1940. Walipima msukumo wa damu ndani ya moyo na mapafu, wakapima kiasi cha damu kinachosukumwa kila dakika, na wakaeleza kinachomfika majeruhi anapopoteza damu nyingi. Jambo lililoonekana kuwa mchezo wa kijana asiye na adabu likawa chombo cha kutambua maradhi.

Wahenga walinena, Mgala muue na haki yake umpe. Mwaka wa 1956, Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa pamoja kwa Cournand, Richards na Forssmann. Habari hizo zilimkuta akiwa daktari asiyejulikana sana, katika taaluma isiyohusiana na moyo. Chuo kikuu cha Mainz kilimpa uprofesa wa heshima mwaka huo huo. Mnamo 1958 aliteuliwa kuongoza idara ya upasuaji katika hospitali moja ya kanisa mjini Düsseldorf, akadumu huko hadi mwaka wa 1970. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka wa 1972.

Alibahatika kushuhudia matunda ya jaribio lake. Mwaka wa 1958, Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aliweza kupiga picha za mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe. Mnamo Septemba 16, 1977, Andreas Grüntzig, akiwa mjini Zurich, alipanua mshipa wa moyo uliobanwa kwa kutumia kiputo kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya mpira. Forssmann alifariki mnamo Juni 1, 1979 mjini Schopfheim, akiwa na umri wa miaka 74. Kilichomuua ni ugonjwa wa moyo.

Mafanikio hayo yalileta tatizo jipya. Alipojijaribu, Forssmann alihitaji eksirei kwa muda mfupi tu, kuona mpira umefika wapi. Lakini kupanua mshipa uliobanwa, kuweka kijirija cha chuma ndani yake au kuchoma sehemu inayovuruga mapigo ya moyo ni kazi inayoweza kuchukua saa nzima au zaidi, na baadhi ya madaktari huifanya mara kadhaa kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Mnamo 1994, mamlaka ya chakula na dawa nchini Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kupata majeraha makali ya ngozi kutokana na matibabu marefu yaliyoongozwa na eksirei. Ngozi huweza kuanza kuwa nyekundu inapopokea kipimo cha takriban grei 2 mahali pamoja, na wekundu huo huenda usionekane hadi siku au majuma kadhaa yapite.

Madaktari nao hawakusalimika. Uchunguzi uliofanywa kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuanzia mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa wataalamu wa mipira ya moyo walikuwa na ukungu katika lenzi za macho mara nyingi kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Ukungu huo ni dalili ya awali ya mtoto wa jicho. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipendekeza kiwango ambacho jicho la mfanyakazi linaweza kupokea kwa mwaka kiteremshwe kutoka milisivati 150 hadi 20, kwa wastani wa miaka mitano.

Miale inayomfikia daktari kwa kawaida haitoki moja kwa moja kwenye mtambo. Hugonga kwanza mwili wa mgonjwa, kisha hutawanyika kila upande kama mwanga wa taa unavyotawanyika katika ukungu. Ndiyo maana lolote linalopunguza kipimo cha mgonjwa humnufaisha daktari pia. Kinga hiyo imejengwa juu ya nguzo tatu, ambazo ni muda, umbali na ngao.

Kuhusu muda, daktari hukanyaga swichi ya mtambo pale tu anapohitaji kuona, na skrini huhifadhi taswira ya mwisho ili aitafakari bila ya kuwasha tena. Mitambo ya kisasa haitoi miale mfululizo bali hupiga kwa vipindi vifupi vifupi. Ikipunguzwa kutoka mapigo 15 kwa sekunde hadi saba na nusu, kipimo cha mionzi hushuka kwa karibu nusu. Vilevile, upana wa miale hubanwa ili ianguke kwenye sehemu inayotazamwa peke yake, na pembe ya mtambo hubadilishwa mara kwa mara ili ngozi ya mahali pamoja isichomwe.

Kuhusu umbali, anayesogea kutoka mita moja hadi mita mbili kutoka kwenye chanzo hupokea takriban robo ya miale aliyokuwa akipokea. Mgonjwa naye huwekwa mbali na bomba linalotoa miale, huku kipokezi cha picha kikisogezwa karibu kabisa na kifua chake. Ama ngao, wahudumu huvaa aproni yenye risasi ambayo, ikiwa na unene wa nusu milimita, huzuia zaidi ya asilimia 90 ya miale iliyotawanyika. Huongeza kinga ya shingo na miwani maalumu, na kusimama nyuma ya kioo chenye risasi kinachoning'inizwa kutoka darini. Kila mmoja hubeba kifaa kidogo cha kupima mionzi anayoipokea. Aproni hizo ni nzito, na madaktari wengi hulalamika kuumwa na mgongo baada ya miaka mingi ya kuzivaa.

Tangu miaka ya 1990 kumekuwepo pia mitambo inayoonyesha mahali ilipo ncha ya mpira kwa kutumia sumaku na umeme, na kuchora ramani ya moyo kwenye kompyuta. Pamoja na picha za mawimbi ya sauti, mitambo hiyo imewezesha baadhi ya matibabu ya mapigo ya moyo kufanywa kwa eksirei kidogo sana, au bila ya eksirei kabisa. Hiyo ni nafuu kubwa kwa watoto, ambao miili yao hudhurika kwa urahisi zaidi, na kwa wanawake wajawazito.

Nchini Kenya, sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilipitishwa mwaka wa 1982, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya 2019 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Hata hivyo, sheria haiwezi kumvisha daktari aproni wala kumwondolea mguu kwenye swichi. Hilo hutegemea mafunzo, vifaa na mazoea ya kila hospitali.

Wataalamu wanakubaliana kuwa mgonjwa aliyeshauriwa kupitishwa mpira moyoni asikatae kwa kuhofia eksirei, kwa kuwa mshipa wa moyo ulioziba huua upesi kuliko mionzi. Ana haki, hata hivyo, ya kuuliza ni kipimo gani atakachopokea na kwa nini. Anapaswa kueleza iwapo amewahi kufanyiwa matibabu kama hayo, na mwanamke aseme mapema kama ni mjamzito au anashuku kuwa hivyo. Na iwapo ngozi ya mgongo itageuka nyekundu au kuwasha majuma kadhaa baada ya matibabu marefu, arudi kwa daktari aliyemtibu, wala asidhani kuwa ni upele wa kawaida.